Sura ya Tano: Saa za Ukumbi

Kutoka kituo cha treni cha Tooting Broadway, kusini mwa London, ni mwendo mfupi wa miguu hadi Hospitali ya St George's. Unapita maduka ya vitambaa na viungo, mikahawa ya dosa, masoko mawili yenye paa, kisha wodi zinaanza kujitokeza juu ya mapaa ya nyumba za watu. Hospitali na chuo kikuu vimo ndani ya ua mmoja. Humo humo, kati ya wodi, maabara na magari ya wagonjwa, kuna jengo liitwalo Robert Lowe Sports Centre: ukumbi wa michezo, viwanja vya skwoshi, na chumba cha vyuma na mashine za mazoezi. Aliyezoea kuona kwenye runinga viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani, vyenye viti maelfu kumi na bendera za ubingwa zinazoning'inia darini, anaweza kulipita jengo hili bila kugeuza shingo.

Nimeliweka katikati ya sura hii kwa makusudi. Majengo ya michezo ya vyuo huwa tunayapima kwa viti: huu wa elfu tano, ule wa elfu kumi na sita. Mimi nimefika mahali pa kuyapima kwa saa. Mlango unafunguliwa saa ngapi, unafungwa saa ngapi, na nani anaruhusiwa kuingia katikati ya saa hizo mbili? Nikishajua hayo, najua karibu kila kitu ninachotaka kujua kuhusu ukumbi, hata kama sijaona picha yake.

Chuo chenyewe kina umri mkubwa kuliko majengo yake. Hospitali ya St George's ilianzishwa mwaka 1733 pale Hyde Park Corner, katikati ya jiji, katika eneo ambalo leo lina hoteli ya kifahari. Edward Jenner, aliyeleta chanjo ya ndui, alisomea huko. Ngozi ya ng'ombe Blossom, aliyehusika katika jaribio lake la mwaka 1796, imehifadhiwa maktabani Tooting. Henry Gray naye alikuwa hapo alipoandika kitabu chake cha anatomia, kilichotoka mwaka 1858 na ambacho wanafunzi wa tiba wa Muhimbili na Makerere wanakijua hadi leo. Lakini Hyde Park Corner palibana. Hospitali ikahamishiwa Tooting, kwenye ardhi iliyokuwa ya hospitali mbili za maradhi ya kuambukiza: Fountain, iliyojengwa kwa wiki tisa tu mwaka 1893 wakati homa nyekundu ilipokuwa ikiwaangusha watoto wa London, na Grove, iliyofunguliwa mwaka 1899. Hospitali za namna hiyo ziliwekwa pembeni, mbali na wenye mali, na ndiyo maana zilikuwa na ardhi. Masomo ya tiba yalianza Tooting mwaka 1976, na Hyde Park Corner ikafungwa mwaka 1980. Aliyekuwa mkuu wa shule ya tiba katika miaka hiyo ya kuhama ni Dkt. Robert Lowe.

Mtu aliyehamisha shule ya tiba yenye umri wa zaidi ya karne mbili angeweza kupewa jina la maktaba au la ukumbi wa mihadhara. Yeye jina lake liko kwenye jengo la kutolea jasho. Naiona kuwa heshima kubwa, na inaafiki historia ya mchezo wenyewe kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mpira wa kikapu ulibuniwa na mtu aliyekuja kuwa daktari.

James Naismith, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1861, alikuwa mwalimu wa mazoezi katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Desemba ya mwaka 1891 mkuu wake alimpa kazi ngumu: kubuni mchezo wa ndani utakaowashughulisha vijana wakati wa baridi, kati ya msimu mmoja wa michezo ya nje na mwingine, bila kuvunjana mifupa. Aliandika kanuni 13. Akaomba masanduku, mtunza jengo akamletea vikapu vya matunda. Akavipigilia kwenye ukingo wa roshani iliyozunguka ukumbi, roshani ambayo wanafunzi walikuwa wakikimbilia mbio zao. Ukingo huo ulikuwa futi kumi kutoka sakafuni, yaani mita 3.05. Zaidi ya miaka 130 imepita, wachezaji wamerefuka, viatu vimebadilika, mpira umebadilika, lakini ringi ya Gampel Pavilion ya Connecticut, ya Lugogo ya Kampala na ya uwanja wa shule ya sekondari Makongo, Dar es Salaam, iko palepale, mita 3.05, kwa sababu fundi mmoja wa Springfield aliiweka roshani ya jengo moja kwenye kimo hicho.

Jengo lilitoa na kitu kingine. Watazamaji walikaa kwenye roshani ileile, na mpira ulipokaribia kikapu walinyoosha mikono kuusukuma ndani au nje, kutegemea walimshabikia nani. Ndipo ukawekwa ubao nyuma ya kikapu kuwazuia. Leo ubao huo ni nusu ya ufundi wa mchezo: mchezaji anaupigisha mpira pembeni mwake ili uangukie ndani, mlinzi anakisia utadundia upande upi. Nani angebuni hilo akiwa amekaa mezani na kalamu? Ukumbi mdogo, wenye roshani na watu wasiotulia, ndio uliolibuni.

Naismith hakuishia hapo. Alisomea udaktari Denver, akahitimu mwaka 1898, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Kansas kufundisha mazoezi. Katika miaka yake ya kufundisha timu ya Kansas alishinda mechi 55 na kupoteza 60; kwa miaka mingi amebaki kocha pekee wa chuo hicho aliyepoteza nyingi kuliko alizoshinda. Kushinda hakukuwa shabaha yake kuu. Alitaka miili yenye afya na vijana wenye adabu. Mwanafunzi wake, Phog Allen, ambaye pia alisomea tiba ya mifupa na viungo, ndiye aliyeufanya mchezo kuwa shughuli ya makocha na mataji, na jina lake likapewa Allen Fieldhouse, ukumbi wa Kansas uliofunguliwa Machi 1955, wenye nafasi ya watazamaji 16,300. Mwalimu na mwanafunzi hao wawili ndio chimbuko la njia mbili ambazo kumbi za vyuo zimefuata. Ile ya Allen inajulikana duniani kote. Ya Naismith unaiona Tooting.

Katika ukumbi wa kawaida wa Kiingereza, jambo la kwanza linalovuta macho ni mistari sakafuni. Mmoja wa rangi hii kwa mpira wa kikapu, mwingine kwa wavu, mwingine kwa pete, mwingine kwa vinyoya, yote ikipishana. Anayeingia mara ya kwanza huona fujo. Kwa hakika ni ratiba iliyochorwa chini: kila rangi ni kundi la watu lenye saa yake. Waingereza hata ukubwa wa ukumbi huutaja kwa idadi ya viwanja vya mpira wa vinyoya vinavyoingia ndani. Ukumbi wa viwanja vinne ulikuwa na mita 33 kwa 18 katika vipimo vya zamani. Vipimo vipya vya Sport England ni mita 34.5 kwa 20, na kimo cha mita 7.5. Sababu ya kuongeza upana unaweza kuihesabu mwenyewe. Uwanja wa kikapu una mita 28 kwa 15, na kanuni za kimataifa zinataka mita mbili tupu kila upande ili mchezaji anayekimbilia mpira asijigonge ukutani. Jumla ni 32 kwa 19. Katika ukumbi wa upana wa mita 18, mchezaji wa pembeni anacheza na ukuta begani, na vifundo vya miguu na viganja vya mikono vimelipia upungufu huo wa mita moja kwa miongo mingi.

Timu za vyuo vya Uingereza huendeshwa na wanafunzi wenyewe. Nahodha ni mwanafunzi, mweka hazina ni mwanafunzi, anayeandika barua pepe ya kuomba saa za ukumbi ni mwanafunzi mwenye mtihani wiki ijayo. Mashindano ya taifa yako chini ya BUCS, chombo kilichoundwa mwaka 2008, na mechi nyingi huchezwa Jumatano alasiri, siku ambayo vyuo vingi hujaribu kuacha ratiba ya masomo wazi kwa ajili ya michezo. Kwa mwanafunzi wa tiba hilo lina ugumu wake. Yuko wodini, na mgonjwa hajui kama leo ni Jumatano. Shule za tiba za London zina mashindano yao zenyewe tangu zamani. Kombe lao la raga, United Hospitals Cup, lilianza mwaka 1875 na ni la zamani kuliko makombe yote ya raga duniani. Mtu anayekesha na wagonjwa anahitaji wapinzani wenye ratiba mbovu kama yake.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kuweka ukumbi ndani ya ua wa hospitali. Aliyemaliza zamu anavuka njia, anabadili nguo, anacheza, anaoga, anarudi. Angelazimika kupanda basi, asingeenda. Na walio katika ua huo si wanafunzi peke yao. Wamo wauguzi, wafamasia, wapiga picha za eksirei, wapishi, mabawabu. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza, na Kiswahili kimezidi kusikika katika korido za hospitali za nchi hiyo. Tooting yenyewe haikuwa ngeni kwetu hata kabla ya hapo. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, na wengine walipokuwa wakiondoka Kenya na Tanzania miaka ileile, familia kadhaa zilitua sehemu hii ya London. Muuguzi aliyekulia Kakamega, akiwa peke yake katika chumba cha kupanga kusini mwa London mwezi wa Januari, anahitaji mahali penye joto, mwanga na watu wanaopigiana pasi bila kuulizana viza. Mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni. Pasipo ukumbi, hana mchezo hadi Aprili.

Agosti 2024 St George's iliungana na City, chuo kikuu kilicho kaskazini mwa jiji la kale, vikawa City St George's. City ina ukumbi wake mkubwa zaidi, Goswell Road, wenye nafasi ya mechi za ligi na watazamaji. Kwa bahati njema vyuo hivyo viko kwenye njia moja ya treni: unapanda Tooting Broadway, unashuka Angel. Natumaini watawala wa chuo kipya hawatasema kwamba kwa kuwa sasa kuna ukumbi mkubwa upande mmoja, ule mdogo wa upande wa pili unaweza kupunguziwa saa. Ukumbi mzuri ulio upande wa pili wa jiji haumsaidii mtu anayemaliza zamu saa 2 usiku.

Tooting ina funzo jingine la mlango na saa zake, lililo nje, kwenye mbuga ya Tooting Bec. Hapo kuna bwawa la kuogelea lililochimbwa mwaka 1906. Mchungaji John Hendry Anderson, aliyekuwa pia meya wa Wandsworth, alipigania lichimbwe ili wanaume wasio na kazi wa eneo hilo wapate kibarua. Lina urefu wa yadi 100, karibu mita 91, na upana wa yadi 33. Ni miongoni mwa mabwawa makubwa ya wazi ya maji baridi nchini Uingereza. Mwaka lilipofunguliwa, bwawa hilo lilikuwa la umma, limechimbwa kwa fedha na mikono ya umma. Wanawake waliruhusiwa asubuhi moja tu kwa wiki. Ilichukua hadi mwaka 1931 kwa wanaume na wanawake kuruhusiwa kuogelea pamoja. Kwa miaka 25, nusu ya watu wa Tooting walikuwa na bwawa kubwa mlangoni kwao, na kalenda ikawaambia si lao.

Wanawake wa mpira wa kikapu walilipitia hilo kwa namna yao. Senda Berenson, mwalimu wa Chuo cha Smith, si mbali na Springfield, aliusoma mchezo wa Naismith na kuanza kuwafundisha wasichana mwaka 1892, miezi michache tu baada ya kubuniwa. Mechi ya Machi 1893 ilichezwa milango ikiwa imefungwa ili wanaume wasiingie. Safari hii ufunguo ulikuwa mikononi mwa wanawake wenyewe, nao wakacheza walivyotaka.

Sasa twende kwenye kumbi kubwa, maana msomaji wa Kiswahili anazijua kwa sababu ya vijana wawili.

Wa kwanza alikulia kusini mwa London. Luol Deng alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, mwaka 1985. Familia yake ilikimbilia Misri, ambako Manute Bol, Mdinka mwenzao aliyecheza NBA, aliwaonyesha watoto mpira, kisha ikapewa hifadhi Uingereza na kukaa South Norwood. Deng alijiunga na Brixton Topcats, timu ya kocha Jimmy Rogers, iliyofanya mazoezi Brixton Recreation Centre, maili chache kutoka Tooting. Jengo hilo la halmashauri lilifunguliwa mwaka 1985, miaka minne baada ya machafuko ya Brixton, na Nelson Mandela alilitembelea mwaka 1996. Lina bwawa, kuta za kupanda, ukumbi wa kikapu, na mlango unaotazama barabara yenye soko. Mtoto wa mkimbizi aliingia humo kwa sababu palikuwa wazi, palikuwa na paa, na palikuwa na mtu mzima aliyekuwepo kila mara akiwa na filimbi shingoni. Akiwa na miaka 14 alikwenda Marekani, na msimu wa 2003–04 akachezea Chuo Kikuu cha Duke.

Ukumbi wa Duke, Cameron Indoor Stadium, ulifunguliwa Januari 1940. Una watazamaji zaidi ya 9,000, wanafunzi wakisimama msimu mzima pembeni kabisa mwa uwanja, karibu kiasi cha kumgusa mchezaji anayerusha mpira ndani. Msanifu wake mkuu alikuwa Julian Abele, Mmarekani mweusi, ambaye kalamu yake ilichora sehemu kubwa ya chuo hicho. Duke haikupokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza hadi mwaka 1963. Kwa miaka 23 ya mwanzo, kijana mwenye rangi ya aliyeuchora ukumbi asingeweza kuuchezea kama mwanafunzi. Deng alipofunga vikapu humo, miaka 40 ilikuwa imepita tangu mlango ule ulipofunguliwa.

Wa pili ni wetu moja kwa moja. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, akasoma Makongo, kisha akapata nafasi shule ya sekondari Houston. Chuo Kikuu cha Connecticut kikamchukua mwaka 2006. Kwa misimu mitatu alicheza Gampel Pavilion, ukumbi wenye paa la kuba uliofunguliwa Januari 1990 katika kijiji cha Storrs, wenye viti 10,167 mahali ambapo bila chuo pasingekuwa na sababu ya kuwa na kitu kikubwa hivyo. Akiwa na urefu wa mita 2.21, alizuia mitupo zaidi ya 400. Mwaka 2009 alifika nusu fainali ya taifa, na Juni mwaka huo Memphis ikamchagua wa pili katika NBA nzima, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Gampel hutumiwa pia na timu ya wanawake ya chuo hicho, ambayo kufikia mwaka 2025 ilikuwa na mataji 12 ya taifa, mengi kuliko chuo chochote.

Sina chuki na kumbi hizo. Nimezitazama kwa saa nyingi na moyo umenidunda. Lakini ukumbi wa viti elfu kumi unaendeshwa na televisheni, tiketi na wafadhili, na hadi mwaka 2021 wachezaji waliojaza viti hivyo hawakuruhusiwa hata kulipwa kwa matumizi ya majina yao. Mwanafunzi wa kawaida wa Storrs anaingia Gampel kutazama. Anayetaka kucheza hutafuta uwanja mwingine. Kwa nchi zetu, zinapopanga bajeti, hilo ndilo jambo la kuangalia kwanza, na mara nyingi haliangaliwi. Tunaona picha ya kuba lililojaa tunaliomba, wakati kilichomfikisha Thabeet kwenye kuba hilo ni uwanja wa Dar es Salaam, na kilichomfikisha Deng Duke ni ukumbi wa halmashauri uliokuwa wazi jioni.

Sudan Kusini imelionyesha hilo kwa uchungu na kwa fahari pamoja. Deng alirudi kuongoza shirikisho la kikapu la nchi yake. Tarehe 20 Julai 2024, O2 Arena, London, timu hiyo ilicheza na Marekani ya LeBron James mechi ya kujiandaa na Olimpiki, ikaongoza sehemu ya mchezo, ikapoteza kwa pointi 101 kwa 100. Siku chache baadaye, katika Olimpiki ya Paris, iliifunga Puerto Rico 90–79. Nchi hiyo wakati huo haikuwa na ukumbi wa ndani wa mpira wa kikapu. Vijana wake wengi walilelewa na kumbi za watu wengine: Australia, Marekani, Uingereza.

Afrika Mashariki ina kumbi kadhaa zinazojulikana. Kigali ilifungua mwaka 2019 ukumbi wa watu wapatao 10,000, leo BK Arena, na ndiko fainali za kwanza za BAL, ligi ya klabu za Afrika, zilikochezwa mwaka 2021. Kampala ina Lugogo, Nairobi ina jimu ya Nyayo. Vyuo vyetu vina timu zinazopendwa na zinazosumbua klabu kubwa: UDSM Outsiders, Strathmore Blades, UCU Canons na Lady Canons. Ila jioni ya kawaida, wanafunzi wengi wa vyuo vya ukanda huu wanacheza kwenye saruji, chini ya mbingu.

Na hapa tatizo letu si la London. Hatuna baridi ya kukimbia. Adui zetu ni watatu: jua la mchana linalochoma saruji, mvua ya masika, na giza. Hilo la tatu ndilo kubwa, na ndilo linalosahauliwa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka mzima. Hakuna majira ya jioni ndefu kama Ulaya. Mwanafunzi anayetoka darasani saa 11 jioni anafika bwenini, anabadili nguo, anafika uwanjani saa 11 na nusu. Ana saa moja ya mwanga, akigombania ringi mbili na wenzake 30. Msichana aliyesubiri wavulana wamalize anaupata uwanja giza linapoingia, na akiwa na busara anarudi bwenini. Uwanja upo, saa hazipo.

Wafilipino, wenye hali ya hewa kama ya pwani yetu na mapenzi ya kikapu yasiyo na mfano, walilitatua hili kwa njia ambayo wasanifu wetu wanapaswa kwenda kuiona. Mitaa yao mingi ina uwanja wenye paa: nguzo, mabati juu, pembeni wazi, taa, sakafu ya saruji laini. Upepo unapita. Mvua ikinyesha mchezo unaendelea. Mchana, hapohapo hufanyika mikutano, mahafali na arusi. Kimbunga kikija, watu hujihifadhi hapo. Hakuna kiyoyozi wala viti elfu kumi. Paa likiwa na kimo cha mita saba au zaidi chini ya chuma cha chini kabisa, na nguzo zikisimama nje ya ile nafasi ya mita mbili, mechi rasmi inachezeka. Sakafu ya mbao inaweza kusubiri. Magoti yatalalamika, lakini saruji iliyosawazishwa vizuri na kupakwa rangi isiyoteleza ni bora kuliko mbao zilizovimba kwa unyevu wa Mikocheni, Dar es Salaam.

Taa ndizo zinazobadilisha hesabu. Uwanja wenye mwanga kutoka saa 12 na nusu jioni hadi saa 4 usiku unaongeza saa tatu na nusu kwa siku. Kwa siku tano za wiki ni saa 17 na nusu, na kabla ya hapo palikuwa na tano. Katika saa hizo unaweka timu ya wanaume, timu ya wanawake, wauguzi wa hospitali ya jirani, wafanyakazi wa chuo, watoto wa mtaa, na bado saa zinabaki kwa yule asiye na timu, anayetaka kurusha mpira peke yake baada ya kufeli mtihani. Vyuo vya tiba vingeanza kesho: Muhimbili, KCMC, Bugando, Mulago vina wanafunzi na wahudumu wa zamu kama wale wa Tooting, na wao pia hawana Jumatano.

Pesa za paa na taa zinaweza kupatikana kwa wahitimu, kwa benki, kwa wizara. Ratiba ndiyo inayohitaji ukali. Mwenye ufunguo awe mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, asiwe mlinzi wa geti anayeufuata akikumbuka. Umeme wa taa uingizwe katika bajeti ya chuo ya kila mwaka, usiachwe kwa mchango wa nahodha. Na saa za wanawake zisiwe za mwisho wa jioni. Ziwe saa 12 hadi saa 1 na nusu, siku tatu kwa wiki, zikiwa zimeandikwa mlangoni kwa jina la timu yao, na yeyote anayezichukua atolewe uwanjani.